Ngome Tulizojenga kwa Taulo

Akalla, Jumatano jioni
Septemba 2012

Riziki wangu,

Umekwenda Hässelby kula na kaka yako kabla hujaondoka, na mimi nimebaki na sanduku lako hapa mlangoni. Nimelipima mara mbili, limetosha. Mambo ya koti, dawa za kifua na namba za simu nimekwisha kukuambia mpaka ukaanza kunijibu kwa Kiswidi, na wewe ukianza Kiswidi najua umechoka kunisikiliza. Basi hayo siyaandiki.

Nataka kukuandikia habari ya kikao cha Jumapili. Umesikia vipande tu, na vipande ulivyosikia vimepindapinda njiani. Unachojua ni kwamba ukoo haujakubali uende kusoma Zadar, Kroatia, na kwamba mimi niliingia sebuleni kwa watu nikasema. Ukiachwa hapo utadhani mama yako alipandwa na hasira siku moja. Haikuwa hasira. Kikao hicho kwangu kilianza miaka minane iliyopita, na ili ukielewe lazima nianzie huko, nipitie chumba cha kufulia, nipitie kwa wale mabwana wako wa Kroatia, ndipo nifike Jumapili. Unajua mimi siwezi kusimulia jambo kwa kuruka.

Baba yenu alifariki mwanzoni mwa mwaka 2004. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mmoja, kaka yako Bahati kumi na minne. Tulipomaliza matanga, ukoo ukakaa Hässelby, nyumbani kwa Baba Mdogo wenu Wilondja. Ukoo wetu hapa Stockholm ni wanaume sita au saba na simu moja inayowekwa katikati ya meza, sauti imefunguliwa, ili wazee walioko kule kwetu, mjini Baraka, nao wasikie. Katika desturi niliyolelewa nayo, mjane hakai katika kikao cha ukoo wa mumewe. Anakaa jikoni, na kama kuna jambo lake analetewa. Nilikuwa jikoni na mke wa Wilondja, nasonga bugali, mlango uko wazi. Nikawasikia wanasema kwamba mtoto wa kiume hawezi kulelewa na mjane peke yake huko Akalla, ataokotwa na barabara. Aje akae kwa baba yake mdogo.

Mmoja wao akaja mpaka mlangoni, akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mama Bahati, una neno?"

Nikasema sina.

Neno nilikuwa nalo, Riziki. Lakini nilijiambia kwamba kunyamaza ndiyo heshima, kwamba hawa ndio watakaotuzika, kwamba mwanamke anayebishana kabla udongo wa mumewe haujakauka anajitafutia majina. Na kuna jingine ambalo sikuliandika hata kwenye daftari langu la kila siku. Nilifarijika kidogo. Nilikuwa nimechoka sana, na mtu mwingine alikuwa ameamua. Jioni ile niliandika tarehe, halafu: "Bahati amehamia Hässelby. Theluji." Nimelitazama tena mwaka huu na kuona jinsi mtu anavyoweza kuandika kila siku na asiseme kitu.

Wilondja hakumtesa, na nataka hili ulikumbuke ukiwa mbali. Alimwamsha kwenda shule, alimsimamia mpaka akawa fundi umeme, alimnunulia buti za kazi kabla ya kujinunulia mwenyewe. Bahati ni mtu mzuri. Lakini anamwita mke wa Wilondja mama, bila kufikiri, kama mtu anavyoita. Mimi ni Mama wa Akalla. Alipotimiza miaka kumi na tisa nilimwuliza kama alifurahi kule. Akajibu kwa Kiswidi kwamba kulikuwa sawa tu. Tukaendelea kula. Baadaye akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye sahani, "Siku ile nilikuwa nimekaa kwenye korido na begi langu. Nilikuwa nangoja useme."

Niliinuka nikamwongezea chakula.

Sasa chumba cha kufulia.

Ilikuwa majira ya kuchipua mwaka uleule. Kule kwetu anayefika kwanza kwenye maji ndiye anayefua kwanza. Hapa, chini kwenye ghorofa yetu, kuna ubao ukutani, na kila nyumba ina kikufuli chake inachokifunga kwenye saa iliyoichagua. Nilikuwa najua. Lakini siku ile nilishuka nikakuta mashine mbili zimelala, saa ya mtu imekwisha kuanza na mwenyewe hayupo, nikaona ni dhambi mashine kulala na mashuka yangu yananuka. Nikayatia. Mara akaingia mwanamke mfupi, vikapu viwili, kitambaa kichwani.

"Wewe unajua kusoma?" akaniuliza kwa Kiswidi kigumu kuliko changu.

"Najua."

"Basi soma pale. Marija. Marija ni mimi."

"Mashine ilikuwa imelala," nikamwambia.

"Mume wangu pia akilala simkodishi."

Wewe ulikuwa umekaa juu ya meza ya kukunjia nguo. Ulicheka kwanza, akakutazama kwa ukali, halafu naye akacheka, na mimi nikabaki peke yangu na hasira yangu mpaka ikaniishia. Wageni wawili kugombania kanuni ya Waswidi. Tangu siku ile tulianza kuchukua saa zinazofuatana, yeye kisha sisi, kwa sababu mashuka yanataka watu wawili kuyakunja na mumewe alikuwa mgonjwa wa mgongo.

Marija alikuja hapa zamani kufanya kazi kiwandani. Kijiji chake kiko chini ya kilima kinachoitwa Bribir, nyuma ya pwani ya Dalmatia, na juu ya kilima hicho, alisema, palikaa ukoo mkubwa kuliko wote wa Kroatia ya zamani. Ukoo wa Šubić. Alilitamka Shubich na wewe ukalirudia mpaka likakaa mdomoni.

"Ni ukoo wako?" ulimwuliza.

"Wangu? Sisi tulikuwa tunawachungia kondoo. Lakini mchunga kondoo hasahau nani alikula nyama."

Hakuwa na kitabu. Alichukua taulo zilizokwisha kunjwa akazipanga juu ya meza. Hili la bluu ni Bribir. Hili ni Skradin, hili ni Klis juu ya mlima, hili la njano ni Ostrovica. Soksi zikawa watu. Soksi nyeusi ndefu ilikuwa Pavao, ban wa Kroatia, yaani mtawala wa nchi chini ya mfalme, ingawa kwa kweli, alisema Marija, mfalme alikuwa mbali na ban alikuwa mlangoni. Alishika nchi yake, akashika na Bosnia, ndugu zake akawagawia miji ya pwani. Alikuwa na nguvu hata akasaidia kumleta kijana mmoja kutoka ng'ambo ya bahari awe mfalme wa Hungaria na Kroatia. Wewe uliweka soksi ya mfalme juu ya sanduku la sabuni ili awe juu ya wote.

Pavao akafa, akarithi mwanawe Mladen. Na hapo Marija alibadilisha sauti, kama mtu anayeanza kusema habari za jirani. Huyu Mladen alikuwa na ndugu, na ndugu hawakuelewana. Miji ikamwasi, mabwana wengine wakajiunga nao, na mdogo wake mwenyewe, aliyeitwa Pavao kama baba yao, akasimama upande wa maadui. Mfalme akaja, yuleyule ambaye baba yao alimsaidia kupata kiti, akamwita Mladen kama anayetaka kuzungumza naye, akamkamata, akamchukua Hungaria. Hakurudi tena. Marija aliichukua soksi akaitia kwenye mashine ya kukaushia na kufunga mlango.

"Na yule mdogo wake?" uliuliza.

"Alidhani atapata kila kitu. Akapata Ostrovica."

Yule mdogo mtu naye alipokufa aliacha mtoto wa kiume, Juraj. Wakati huo mfalme mwingine amekaa, mwana wa yule wa kwanza, na anaitaka Ostrovica kwa sababu ni ngome nzuri. Mtoto ni mdogo, anasimamiwa na ami yake. Basi mfalme na ami wakakubaliana kubadilishana. Mfalme anachukua Ostrovica, na mtoto anapewa ngome nyingine inayoitwa Zrin, huko kaskazini, mwendo wa siku nyingi, ndani ya misitu, mbali na bahari. Marija alichukua taulo la kijivu akaliweka mwisho kabisa wa meza, karibu na mashine.

Ulisema, "Nani alimwuliza mtoto?"

"Mtoto haulizwi."

"Na mama yake alisema nini?"

Marija aliacha kukunja. "Mama yake? Mama yake hayumo kwenye hadithi. Alikuwepo, lazima, watoto hawaoti kwenye mawe. Lakini hayumo."

Wewe ukapanda ukakalia taulo la Ostrovica, ukakataa kuinuka. Marija akacheka, nikacheka. Halafu nikaona kwamba humtazami Marija, unanitazama mimi. Bahati alikuwa ameondoka miezi michache tu. Hujawahi kunisema kwa siku ile, na mimi sijawahi kuitaja. Tulikwenda juu na taulo zetu.

Nilidhani ni mchezo wa chumba cha kufulia, utakwisha. Haukwisha. Ulianza kupanda kwa Marija baada ya shule, akakufundisha lugha yake kwa maandazi na kelele. Ulipofika mwaka wa mwisho wa sekondari, mwalimu akawaambia muandike kazi kubwa, ukachagua ukoo wa Šubić. Hapo nilifanya kosa jingine, dogo kuliko la kwanza lakini la ukoo uleule. Nilikwambia, "Kwa nini uchimbe makaburi ya watu? Huna kwenu? Andika habari za Baraka."

Ulinijibu kwa Kiswahili, ndiyo maana liliniuma zaidi. "Za Baraka nani ataniambia, mama? Ninyi mkiulizwa mnasonga bugali."

Nilikukasirikia juma zima. Uliandika kazi yako bila msaada wangu, na siku uliyoileta nyumbani niliisoma yote, na kamusi ya Kiswidi pembeni, kwa sababu nilitaka kukuta mahali umekosea. Nilichokuta ni kwamba hukuiandika kama Marija alivyosimulia. Marija alikuwa na wazuri na wabaya. Wewe uliandika kwamba waliobaki Bribir walipungua kidogo kidogo mpaka wakawa watu wa kawaida wenye jina kubwa, na kwamba yule mtoto aliyepelekwa kwenye misitu ndiye aliyeuponya ukoo. Watu wakaanza kuwaita kwa jina la ngome mpya, wakawa Zrinski, na kwa jina hilo wakawa mabwana kwa miaka zaidi ya mia tatu, mpaka mkuu wao mmoja alipokatwa kichwa kwa amri ya mfalme mwingine. Ukaandika pia kwamba jina la mama yule labda linapatikana kwenye hati za zamani, lakini alichosema siku ile hukukiona mahali popote, na kwamba ungependa kwenda kutafuta. Nilipofika mstari huo niliiacha kazi yako mezani nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Kwa hiyo mwaka huu barua ya chuo kikuu cha Zadar ilipokuja, mwaka mmoja wa lugha kwanza, kisha historia, mimi sikushangaa. Aliyeshangaa ni Wilondja. Wiki ileile ulikuwa umepata nafasi ya kusomea uuguzi hapa Stockholm, na kwake hapakuwa na la kufikiri.

Nitakuandikia maneno yake kama yalivyo, kwa sababu si maneno ya mjinga. Alinipigia simu akasema, "Bon, shemeji, nisikilize. Wazungu wana wafalme wao waliokufa, na wana watoto wao wa kuwahesabia mifupa. Huyu wetu anakwenda kuwasaidia kulia?"

Nikamwambia, "Anakwenda kusoma."

"Kusoma. Mtu akiugua hapa Hässelby, Riziki atamdunga sindano ya historia?"

Nilicheka, na yeye akacheka, kisha akaendelea bila kicheko. Alisema baba yenu hakuwabeba kutoka vitani, kuvuka ziwa, kukaa kambini miaka ile yote, ili mtoto wake aende kwenye nchi nyingine ambayo nayo imetoka vitani juzi, ambako hakuna mtu wa kumwita baba. Alisema muuguzi haachwi bila kazi. Yote mawili ni kweli. Nami pia naogopa hayo. Nimefanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee miaka mingi, najua thamani ya mshahara usiokatika. Sikuandikii ili kukwambia kwamba njia yako ni salama. Sijui kama utapata kazi. Sijui kama watu wa Zadar watakutazama vizuri kwenye basi. Marija amerudi kijijini kwake, atakupokea, hilo najua, na zaidi ya hilo sijui.

Kikao kikaitishwa Jumapili baada ya kanisa. Wewe ulikuwa kazini, na sikukwambia ni cha nini. Nilikwenda, nikaingia jikoni kama kawaida, sombe ya majani ya muhogo iko motoni, simu iko katikati ya meza kule sebuleni, na wazee wa Baraka wanakohoa ndani yake. Bahati sasa ni mtu mzima, kwa hiyo alikuwa amekaa na wanaume, upande wa kulia wa Wilondja.

Wilondja alizungumza vizuri. Alieleza nafasi ya uuguzi, alieleza hatari. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Akawasimulia hadithi yako mwenyewe, ile uliyomsimulia Krismasi mezani kwake. Akawaambia wazee, hata hao wa Kroatia, mtoto alipobaki bila baba, aliyeamua alikuwa ami yake. Mtoto akapelekwa mahali asipopapenda. Na nani aliyepona? Aliyepelekwa. "Riziki mwenyewe ndiye aliyeandika hivyo," alisema. "Mwalimu akampa alama ya juu. Basi na sisi tumfuate mwalimu."

Wanaume wakacheka, kwa sababu ilikuwa nzuri. Hata mimi niliona kwamba ilikuwa nzuri. Niliganda na mwiko mkononi na kuwaza kwamba kikao tayari kimekwisha, kwamba sasa mtu atakuja mlangoni kuniuliza kama nina neno. Nikangoja. Hakuja mtu. Nadhani baada ya miaka minane walikuwa wamejua jibu langu.

Nilizima jiko kwanza. Unanijua. Nikafuta mikono, haikufutika vizuri, nikaingia sebuleni na unga kwenye vidole, nikasimama nyuma ya kiti cha mwanangu. "Nina neno," nikasema.

Wilondja aliinua uso. Hakukasirika bado, alishangaa tu, kama mtu aliyeona kabati linatembea. "Shemeji, tutakuletea."

"Nimekuja mwenyewe."

Ndipo sauti ya mzee ikatoka kwenye simu, ya yule mkubwa kuliko wote, ambaye baba yenu alikuwa akimwita babu. "Nani huyo anasema?"

"Ni mama wa mtoto," Wilondja akajibu.

"Mwambie asogee. Simsikii."

Hivyo tu. Nimeligeuza neno hilo kichwani tangu Jumapili. Miaka yote nilikuwa nimejenga ukuta akilini, nikaweka wazee wale juu yake na fimbo, na mzee mwenyewe alichotaka ni nisogee karibu na simu. Inawezekana mwaka 2004 pia angesema hivyo. Inawezekana asingesema. Sitajua, na hiyo ndiyo gharama yake. Lakini Bahati aliichukua simu kutoka mezani, akageuka kwenye kiti, akaishika mbele ya mdomo wangu. Aliishika mpaka nilipomaliza.

Niliyosema hayakuwa mengi, maana sikuwa nimeyaandaa. Nilisema Riziki anakwenda Zadar. Nilisema hajatoroka, hajakaidi mtu, mimi mama yake ndiye ninayempeleka, na lawama ikiwapo iletwe Akalla. Nikamwambia Wilondja mbele ya wote kwamba ami yule wa Kroatia aliuponya ukoo wake, sikatai, na kwamba yeye pia amemlea Bahati na Bahati ana kazi na afya, namshukuru, na sijawahi kumshukuru mbele ya watu. Nikasema, mtoto wa kwanza nilimwachia bila kufungua mdomo, na hilo si kosa la Wilondja, ni langu. Huyu wa pili simwachii mtu aniamulie. Nimekwisha kuamua.

Wilondja akauliza, "Na akishindwa?"

"Atarudi akiwa ameshindwa, nitampikia."

Akamgeukia kaka yako. "Bahati, wewe ndiye mwanaume wa nyumba ile. Sema na mama yako."

Bahati akasema, "Amekwisha sema, Baba. Mimi sina la kuongeza."

Waliongea muda mrefu baada ya hapo, na mimi sikurudi jikoni. Nilikaa kwenye kiti, mara ya kwanza katika chumba kile, na bugali wa watu ukachelewa. Mwishoni mzee akasema kwamba ukoo haujakubali wala haujabariki, lakini umesikia, na kwamba sombe iliwe kabla haijalala. Wilondja alikwenda kusimama kwenye baraza ya nje na hakuingia mpaka nilipovaa viatu. Huo ndio ukweli wote. Hakuna aliyemtukana mwenzake. Wale waliokwambia nilipiga meza, meza ilikuwa mbali nami.

Sasa nikuombe mambo mawili, na yote mawili ni magumu kuliko kuvaa koti.

La kwanza. Ukifika kule na ukaanza kupekua karatasi zile, ukimtafuta mama wa Juraj, mtafute kwa ajili yake. Usinitafute mimi ndani yake. Ukikuta alinyamaza, usimtetee kwa sababu yangu, na usimhukumu kwa sababu yangu. Ukikuta alisema, usimpambe. Huenda alikuwa mwanamke mwenye roho mbaya. Huenda alikuwa ameitaka Zrin kuliko wote. Hujui, na utakuwa mwanafunzi mbaya kama utaanza na jibu. Mimi nimeishi muda mrefu nikiwa nimeanza na jibu.

La pili ni Wilondja. Mimi nimemshinda kikaoni kwa namna fulani, na mtu unayemshinda ni rahisi kumfanya mdogo. Usimfanye mdogo. Alisimama mahali pa kaka yake wakati mimi sikuwa nimesimama popote. Alikosea kudhani kwamba kusimama pale kunatosha kuamua kila kitu, na mimi nilimsaidia kukosea.

Mwezi wa nane, kabla ya barua na maneno haya yote, aliahidi kwamba siku ukisafiri atakupeleka uwanja wa ndege kwa gari lake. Tangu Jumapili hajaifuta ahadi hiyo, hajaikumbusha pia, na sikumpigia simu kumwuliza. Kesho saa kumi na mbili asubuhi tutashuka chini. Tukimkuta, mwamkie wewe kwanza, ukae mbele pamoja naye, mimi nitakaa nyuma na mizigo. Njiani mwulize baba yako alikuwa mtoto wa namna gani. Anajua mambo ambayo mimi siyajui, na katika nyumba yetu hakuna aliyewahi kumwuliza. Tusipomkuta, hatutasimama kumngoja. Nitashika sanduku upande huu, utashika upande ule, tutaingia kwenye treni na kwenda.

Mama yako,
Feza